Tulizima Taa, Mita Ikaendelea Kukonyeza

Juzi usiku nimepata ujumbe kutoka kwa msomaji wangu mmoja, mwanafunzi wa mwaka wa pili. Ameandika hivi: "Shikamoo dada. Klabu yetu ya mazingira inaandaa saa moja ya kuzima taa chuo kizima, Jumamosi ya wiki ijayo. Najua uliwahi kufanya hili na watu walijaa. Tupe mbinu."

Marahaba, mdogo wangu. Mbinu za kujaza watu ninazo na sikunyimi. Ila nimeusoma ujumbe wako mara tatu nikitafuta neno moja, mita, na sikuliona. Hata kwenye barua zangu za siku zile halikuwemo, na ndilo lililokuja kuniumiza.

Nilikuwa mwenyekiti wa klabu. Kichwani nilikuwa nimejaa habari za jiji la Sydney, Australia. Tarehe 31 Machi 2007 shirika la uhifadhi wa mazingira la WWF liliwaomba wakazi wa jiji lile wazime taa kwa saa moja, ikakadiriwa kwamba watu zaidi ya milioni 2 waliitikia. Matumizi ya umeme katikati ya jiji yalishuka kwa takribani asilimia 10 saa ile. Mwaka uliofuata jambo likavuka mipaka, na sasa kila mwezi Machi majengo mashuhuri duniani, Mnara wa Eiffel ukiwemo, huingia gizani saa mbili na nusu usiku. Picha hizo nilikuwa nazo kwenye simu, nikizitazama kabla ya kulala. Niliamini kwa moyo wote kwamba nikilileta giza lile chuoni kwetu, nitakuwa nimeisaidia dunia.

Vikao na barua za kuomba ruhusa nazivuka. Siku ilipofika, watu walizidi mia nne. Ukumbi ulifurika hadi wengine wakakaa madirishani. Tuligawa mishumaa mia mbili. Nilishusha swichi kuu ya ukumbi kwa mkono wangu mwenyewe, giza likaangukia watu wote kwa pamoja, kikapita kimya cha ajabu, halafu makofi. Makofi yale nayasikia mpaka leo. Nililia, na sioni haya kusema.

Katikati ya hotuba, fundi umeme wa chuo, mzee mmoja asiyependa maneno mengi, alinigusa bega. "Mwanangu, njoo uone kitu." Akanipeleka nyuma ya mabweni kwenye chumba cha mita. Alifungua mlango, akazima tochi yake ili nione vizuri. Palikuwa na kitaa chekundu, kidogo kama punje ya mtama, kikikonyeza. Kila kinapokonyeza, umeme umeliwa. Kilikuwa kinakonyeza mbiombio hata nikashindwa kukihesabu.

"Mlichozima ni balbu," akasema. "Hita za maji ziko nane, zinakula. Viyoyozi vya chumba cha kompyuta vinakula, na hamna mtu mle ndani. Na lile mmeliwasha nyinyi wenyewe." Alinyoosha kidole gizani. Jenereta. Tulikuwa tumeikodi kwa ajili ya vipaza sauti na taa ya mpiga picha, maana umeme wa ukumbi tulikuwa tumeukata.

Usiku ule sikulala. Nilichukua karatasi nikaanza kupiga hesabu ambazo nilipaswa kuzipiga wiki sita kabla. Ukumbi ulikuwa na balbu 60 za LED, kila moja wati 9. Zote pamoja, kwa saa nzima, ni kama nusu uniti ya umeme. Hata tuseme umeme wetu wote ungetoka kwenye makaa ya mawe, ambayo hutoa karibu kilo moja ya hewa ukaa, gesi inayoipasha dunia joto, kwa kila uniti, tuliokoa nusu kilo. Jenereta ilikunywa lita nne za dizeli, na lita moja ya dizeli ikiungua hutoa takribani kilo 2.7 za hewa ukaa. Zidisha. Tulitoa zaidi ya kilo kumi ili tuokoe nusu. Na mishumaa sijaigusa bado, ambayo kwa kawaida hutengenezwa kwa nta inayotokana na petroli, kwa hiyo nayo ikiwaka inaunguza mafuta yaleyale tuliyokuwa tukiyahubiri vibaya pale jukwaani.

Sasa linganisha na hita moja tu. Wati 3,000. Ikiwaka saa moja imekula uniti tatu, zaidi ya mara tano ya balbu zote za ukumbi. Nanyi ulizeni hapo mlipo: kitu gani kinapasha joto, kitu gani kinapooza? Umeme mwingi wa majengo huishia hapo. Taa zinaonekana kwa macho, ndiyo maana tunazizima. Hita haionekani, na haimpigi mtu picha nzuri.

Jumatatu nilikwenda kwa uongozi nikiwa na karatasi yangu. Niliomba mambo mawili: hita ziwekewe saa za kujizima zenyewe, na viyoyozi vya chumba cha kompyuta vizimwe usiku. Nilisikilizwa dakika chache. Nikaambiwa klabu imeshapongezwa, cheti kinaandaliwa, na picha zimeshatumwa kwenye jarida la chuo. Mwenzangu mmoja wa klabu, niliyemwamini kuliko wote, aliniambia nje ya mlango, "Usituharibie. Mradi umefanikiwa." Cheti nilikipokea mbele ya watu, nikakitia kwenye bahasha, sijakitoa tena. Miaka imepita, lakini lile neno "usituharibie" bado linanichoma.

Kwa hiyo ukiniuliza kama saa moja ya kuzima taa inapunguza joto la dunia, jibu langu ni hapana. Tanuru la kituo cha makaa ya mawe halizimwi kwa saa moja kama jiko la jikoni. Waendeshaji wa gridi hupunguza kidogo, wakingoja mrudi, na mkiwasha wote kwa mpigo wanapandisha tena. Mwaka una saa 8,760. Umeigusa moja.

Lakini usikimbilie kufuta shughuli yako, maana hadithi haijaisha.

Likizo ilipofika, mabweni yakiwa matupu, nilimwomba yule fundi aniruhusu kusoma mita. Saa nne usiku nilisoma namba, nikarudi saa kumi na moja alfajiri nikasoma tena. Uniti 34. Chuo kilicholala, kisicho na mwanafunzi hata mmoja, kimekula uniti 34. Nilifanya hivyo siku tisa mfululizo na namba haikuyumba sana. Daftari lile ninalo mpaka leo na ninalithamini kuliko vyeti vyangu vyote.

Mwaka uliofuata tulizima taa tena. Safari hii hapakuwa na jenereta, wala vipaza sauti, wala mishumaa. Walikuja watu kama tisini. Niliandika namba za siku tisa kwa chaki, kubwa kubwa, kwenye ubao tuliousimamisha mlangoni, na chini yake nikaandika: nani anakula umeme huu? Mwakilishi wa uongozi alikuwepo. Kabla sijashusha swichi nilimwomba atamke tarehe ya kuweka zile saa za kuzima hita. Watu tisini walikaa kimya wakimtazama. Akaitamka. Ndipo nikazima taa, kwa robo saa tu, ikatosha.

Saa ziliwekwa, zikachelewa wiki tatu. Viyoyozi navyo vikaanza kuzimwa jioni. Likizo iliyofuata nilisoma mita: uniti 11 usiku mzima, nyingi zikiwa za taa za ulinzi. Kutoka 34 hadi 11, kila usiku wa likizo, bila mtu yeyote kukaa gizani. Naliandika hili kwa kujivuna na sijutii kujivuna. Fundi alikiona kile kitaa chekundu kikikonyeza polepole, akacheka kwa sauti. Sijawahi kumsikia akicheka tena.

Hapo ndipo nilipoelewa kazi ya giza. Halipunguzi moshi. Linakusanya macho ya watu mahali pamoja kwa muda mfupi, na macho hayo ni nguvu. Ukiyaruhusu yaondoke bila kudai kitu, umeyapoteza. Tazama Urusi mwaka 2012: WWF ya kule iliifungamanisha saa ya kuzima taa na saini za kudai sheria ya kulinda bahari dhidi ya umwagikaji wa mafuta. Zilipatikana saini zaidi ya 120,000, na kabla mwaka haujaisha sheria ilikuwa imepitishwa.

Na tazama upande wa pili. Juni 1979 Rais Jimmy Carter wa Marekani aliwekewa vipasha maji 32 vya jua juu ya paa la Ikulu yake. Siku ileile alisema huenda baadaye vikawa kitu cha makumbusho. Mwaka 1986, zama za Ronald Reagan, vilishushwa wakati wa ukarabati wa paa na havikurudishwa, na kweli kuna kilichoishia makumbusho. Vilikuwa vinapasha maji vizuri tu. Kilichokosekana ni watu wa kuvidai virudi.

Wapo wanaosema kubana matumizi ni ndoto, watu hawabadiliki. Siwaamini, kwa sababu ipo mifano. Aprili 2008 maporomoko ya theluji yalikata njia ya umeme wa maji inayolisha mji wa Juneau, Alaska. Mji ukaingia kwenye umeme wa dizeli na bei ikapanda mara kadhaa. Ndani ya wiki chache matumizi yalishuka kwa zaidi ya asilimia 30, na njia ilipotengenezwa baadhi ya mazoea yale yalibaki. Japani nayo, baada ya ajali ya kituo cha nyuklia cha Fukushima ya 2011, iliwaamuru watumiaji wakubwa katika maeneo ya Tokyo na Tohoku wapunguze asilimia 15 majira yale ya joto, wakati wa mahitaji makubwa. Viwanda vilihamisha kazi hadi siku za mwisho wa juma, ofisi zikapunguza taa na viyoyozi. Hapo watu walijua kiwango wanachopunguza, na kilipimwa.

Jopo la kimataifa la wanasayansi wa tabianchi, IPCC, lilieleza mwaka 2022 kwamba hatua za upande wa matumizi zinaweza kupunguza gesijoto kwa asilimia 40 hadi 70 ifikapo 2050 katika sekta zinazohusika, ukilinganisha na sera zilizopo. Soma vizuri: humo kuna majengo, usafiri, vyakula, teknolojia, na mazoea yetu pia. Hizo si asilimia za kukaa gizani. Ni asilimia za kubadilisha hita, paa, magari na sheria. Kijana anayependa mazingira na hajui mita ya jengo lake iko chumba gani, bado hajaanza. Nasema kwa ukali kwa sababu nilikuwa yeye.

Basi mbinu zangu ni hizi. Soma mita kabla. Tafuta fundi wa chuo umsalimie vizuri, keti naye, mwulize kinachokula umeme usiku. Achana na jenereta, achana na mishumaa. Jambo mnalolidai liwe moja, lenye tarehe, na mwenye mamlaka alitamke mbele ya watu taa zikiwa bado zinawaka. Kisha soma mita baada. Na baada ya mwezi uisome tena, hata kama wenzako wameshahamia shughuli nyingine, na watahamia. Ya kujaza watu ni rahisi: pitia vyumbani mwenyewe, mlango kwa mlango, siku mbili kabla. Matangazo ya ukutani hayasomwi.

Umesema shughuli yenu ni Jumamosi ya wiki ijayo. Leo usiku, saa nne, nenda kwenye chumba cha mita na daftari. Rudi saa kumi na moja alfajiri. Nitumie namba zote mbili, nami nitakupigia simu tuzisome pamoja.