Kidhibiti breki cha trela: nunua kinachohisi gari, achana na kinachohesabu muda

Juzi nimepata ujumbe wa msomaji. "Kaka, habari za kazi. Nina trela la ekseli mbili lenye breki za umeme, natafuta kidhibiti cha kufunga kwenye gari. Muuzaji ananiambia vyote vinafanya kazi moja, nichukue tu cha bei ya chini. Unanishauri nini?"

Kaka, sitakuzungusha. Usichukue. Na huyo muuzaji mwambie akueleze jambo moja: kidhibiti anachokuuzia, yaani hicho kifaa cha kwenye gari kinachopeleka umeme kwenye breki za trela, kinajuaje kwamba gari linapunguza mwendo? Akishindwa kujibu, mshukuru uondoke.

Nasema kwa ukali kwa sababu yalinikuta. Ndiyo kwanza nilikuwa naanza kazi ya kuvuta mizigo, na mteja wangu wa kwanza wa maana alikuwa mkandarasi aliyetaka nimhamishie mashine ya kuchanganyia zege pamoja na vyuma vya jukwaa. Trela lilikuwepo, gari lilikuwa na nguvu ya kutosha, kilichobaki ni kidhibiti. Niliuliza maswali yote ambayo mtu anayelipa pesa yake ana haki ya kuuliza. Jibu nililopewa, tena jamaa akiwa anaangalia simu yake: "Bosi, hivi vyote ni sawa. Ukikanyaga, trela linashika." Wakakifunga, wakanirudishia ufunguo, wakaniombea safari njema.

Trela lilishika kweli. Ila lilishikaje! Kwenye foleni ukigusa pedali kidogo tu, kwanza kimya, halafu ghafla linagoma kama ng'ombe aliyekataa kuvuka mto, na gari zima linatikisika. Nikavumilia. Kisha ikafika siku ambayo lori lililokuwa mbele yangu lilisimama ghafla. Nikakanyaga hadi mwisho. Gari likaitika palepale, trela likachelewa, na mzigo wote ukaja mgongoni kwangu. Pua ya gari iliinama, nyuma ikaanza kwenda upande, usukani ukawa mwepesi mkononi. Tulisimama salama, namshukuru Mungu, lakini harufu ya breki za mbele zilizopata moto ilinikaa puani hadi jioni.

Niliporudi dukani niliambiwa tatizo ni dereva. Mbele ya wateja. Sijalisahau neno hilo, na kila ninapopata ujumbe kama huu wa juzi linarudi kama limesemwa jana.

Aliyenifungua macho ni fundi mmoja mtu mzima ambaye maisha yake yote ameshinda chini ya matrela. Hakuanza na kidhibiti. Alipiga jeki, akavua gurudumu, akatoa dramu, lile bakuli la chuma linalozunguka na gurudumu, akanionyesha kilichomo. Ndani kuna sumaku ya umeme, duara au yai, iliyokaa kwenye mkono wa chuma. Umeme ukiingia, sumaku inajibandika kwenye uso wa dramu inayozunguka, dramu inaiburuta, ule mkono unasogea na kusukuma brekishuu, vile vipande vinavyosugua dramu kwa ndani, zibane. Umeme mwingi, breki kali. Umeme kidogo, breki laini. "Sasa niambie," akasema, "nani anaamua umeme uwe kiasi gani?"

Ni kidhibiti. Na hapo ndipo vinapoachana.

Aina ya kwanza, ile niliyouziwa, hutegemea muda. Haijui umekanyaga kwa nguvu gani wala gari linapunguza mwendo kwa kasi gani. Inachopata ni ishara ya taa za breki tu: taa imewaka, basi inaanza kupandisha umeme taratibu hadi kiwango ulichokiweka. Ukiipangia upole wa foleni, siku ya dharura itachelewa. Ukiipangia ukali wa dharura, kwenye foleni itakurusha kila unapogusa pedali. Hakuna mpangilio mmoja unaofaa kote, na hakuna dereva hodari kiasi cha kuurekebisha katikati ya hatari. Kuna magari ambayo waya wa taa za breki ndio huohuo wa taa za hatari. Humo, ukiwasha taa za hatari, kidhibiti cha namna hii kinaweza kulibana na kuliachia trela kila taa zinapomweka.

Aina ya pili ina kihisio ndani yake. Kinapima jinsi gari linavyopunguza mwendo, na umeme unaokwenda kwenye trela unalingana na kipimo hicho. Ukigusa, trela linagusa. Ukibana, linabana, kwa wakati mmoja na wewe. Hiki ndicho cha kununua. Kama mzigo wako una thamani kwako, kama unataka kazi ya kuvuta ikulishe na watoto wako, hiki ndicho cha kununua.

Nilikifunga cha namna hiyo, na safari ya kwanza nilikuwa natupia jicho namba zake kwenye dashibodi kila nilipokanyaga. Nagusa pedali taratibu kabla ya tuta, namba inapanda kidogo na kushuka. Gari dogo linanikatia njia, nabana, namba inaruka juu, na trela linakaa chini pamoja na gari bila kunisukuma. Niliwahi kuteremka mlima mrefu na mzigo kamili, gia ndogo, breki nikizigusa na kuziachia, na nilipofika chini na kusogeza kiganja karibu na rimu za trela na za gari, joto lilikaribiana. Maana yake kila upande ulibeba kazi yake. Leo kuna madereva walionitangulia katika kazi hii wanaoniletea magari yao niwapangie vidhibiti, na silifichi hilo, nalifurahia.

Sasa tuje kwenye kuchagua, maana kuhisi mwendo peke yake hakutoshi.

Hesabu sumaku zako. Kila gurudumu lenye breki lina sumaku moja, na sumaku ya dramu za kawaida za inchi 10 au 12 hula takriban ampea 3 kwenye volti 12. Ekseli mbili ni sumaku nne, kwa hiyo ampea 12 hivi. Kidhibiti huandikwa kinamudu ekseli ngapi. Wa ekseli mbili huna shida kubwa, wa ekseli tatu soma kwa makini. Angalia pia kama trela lako lina breki za umeme tupu au zile ambazo umeme unaendesha pampu ya mafuta ya breki. Hizi za pili hazikubali kila kidhibiti. Lazima kiwe kimeandikwa kwamba kinazikubali.

Halafu uliza kinafungwaje. Vile vya zamani vyenye pendulo, kipande kinachoning'inia na kuyumba ndani, vilitaka vikae sawasawa kabisa, na kwenye mteremko pendulo ililala mbele yenyewe na kuzidisha breki. Vipya vingi vinavumilia pembe mbalimbali, lakini bado vinatakiwa vielekee mbele kunakokwenda gari na vikazwe visitikisike. Kidhibiti kinachoning'inia kwa waya chini ya usukani hakipimi kitu.

Kuhusu nyaya sitasema mengi, fundi umeme anayejua kazi yake atazimaliza. Kwa kawaida ziko nne: nyeusi ya betri inayopitia fyuzi au swichi ya kinga, nyeupe ya hasi, nyekundu inayotoka kwenye swichi ya taa za breki, na bluu inayokwenda kwenye trela. Usiamini rangi, pima. Nyeupe ipelekwe moja kwa moja kwenye hasi ya betri, isifungwe kwenye bolti yoyote iliyokaribu, kwa sababu hasi mbovu ndiyo chanzo cha nusu ya malalamiko ninayoletewa. Kama gari lako ni la kisasa, hakikisha kwanza kidhibiti kinaelewana na umeme wa taa zake, maana magari mengine hutuma umeme wa mapigo, unaokatika na kurudi haraka haraka, na kidhibiti kinachanganyikiwa.

Lakini ndugu zangu, unaweza kununua kidhibiti kizuri kuliko vyote na bado kikakuangusha, kwa sababu watu hawataki kukipanga. Wanataka kufunga na kuondoka. Kukipanga ni hivi: pakia trela mzigo utakaosafiri nao. Tafuta barabara kavu, tambarare, isiyo na watu. Endesha kama kilomita 40 kwa saa, mguu usiguse pedali, kisha sukuma swichi ya mkono ya kidhibiti hadi mwisho. Trela peke yake linatakiwa likuvute nyuma kwa nguvu, magurudumu yakiwa karibu kufunga lakini yasifunge. Likikuvuta kivivu, ongeza nguvu kidogo, rudia. Yakifunga na matairi kuburuzika, punguza, rudia. Kisha jaribu kwa pedali. Breki zikiwa mpya au brekishuu zimebadilishwa, zitahitaji kukanyagwa kwanza mara nyingi, kwa mwendo wa wastani, hadi zikae. Baada ya hapo panga tena.

Mzigo ukibadilika, panga tena. Mimi nimebandika kipande cha utepe wa karatasi kando ya kidhibiti chenye namba tatu za kalamu: trela tupu, nusu mzigo, mzigo kamili. Nguvu iliyopangwa kwa mzigo kamili, trela likiwa tupu, itafunga magurudumu kwenye barabara yenye maji na trela litakuja kukutazama dirishani. Ya trela tupu, likiwa limejaa, itaziachia breki za gari mzigo wote. Panga tena, hata kama umechoka, hata kama mteja anapiga simu.

Na swichi ya mkono uizoee. Mkono uijue ilipo bila macho. Trela likianza kuyumba kushoto na kulia, ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani umenyooka, sukuma swichi hiyo taratibu. Trela likishika peke yake linajivuta nyuma na kunyooka. Ukikimbilia pedali ya gari unaweza kulifanya likupige zaidi. Kidhibiti ambacho swichi yake imejificha, au ni kitufe kidogo cha kutafuta kwa kidole, kiache dukani hata kikiwa na skrini ya rangi.

Mwisho ni swichi ya dharura ya trela lenyewe, ile yenye pini na waya mwembamba wa chuma, inayofunga breki za trela kwa betri yake trela likichomoka kwenye gari. Betri hiyo ichajiwe, na waya ufungwe kwenye fremu ya gari, usifungwe kwenye bolu la kuvutia, lile tufe la chuma linaloshika trela, kwa sababu bolu likikatika litaondoka nao. Ijaribu kabla ya safari: chomoa kwanza plagi ya trela kwenye gari, ndipo uvute pini, maana ukiivuta plagi ikiwa imechomekwa umeme unaweza kurudi na kukiunguza kidhibiti. Sogeza gari kidogo mbele. Magurudumu ya trela yakizunguka, siku hiyo usisafiri hadi ujue kwa nini.