Barua kwa mwanangu: Wema huo niliuona wapi

Mwanangu mpendwa,

Jumapili uliniuliza kwa simu: "Mama, ulifiwa na mume ukiwa bado kijana, ukatulea wanne kwa cherehani, na kila ukisimama kanisani unasema Mungu ni mwema. Wema huo uliuona wapi?" Najua hukuuliza kwa dharau. Tangu uachishwe kazi huko Kampala, jibu hilo unalitafuta kwa ajili yako mwenyewe.

Kwanza nikwambie nisichokishukuru. Kifo cha baba yako sijakishukuru, wala sitakishukuru. Wapo wanaosema hata hicho ni baraka. Mimi hapo hunyamaza, na naamini Mungu anauelewa ukimya wangu.

Ila kuna chumvi. Baada ya Amin kuwafukuza Wahindi mwaka 1972, maduka ya hapa Tororo yalikauka kidogo kidogo, hadi sukari, sabuni na chumvi vikawa vitu vya magendo. Mwaka 1978 tulikuwa kwenye nyumba za reli, dada yako bado ananyonya, na maharage yetu wiki nzima yalikuwa hayajaonja chumvi. Jioni moja jirani yetu wa ukuta mmoja, mama wa Kinubi, akabisha hodi. Alifungua pindo la leso yake, akaimwaga chumvi juu ya mfuniko wa sufuria, akaigawa kwa ncha ya kisu. Fungu langu likawa kubwa kuliko lake. Nilipomwambia, akajibu, "Wewe unanyonyesha." Siku ile nilimshukuru yeye tu. Ilinichukua miaka mingi kujua kwamba nilipaswa kushukuru mara mbili.

Baba yako alipofariki tulitoka kwenye nyumba ile. Nikaanza kuweka akiba ndani ya kopo la maziwa, ninunue cherehani ya mzee mmoja fundi aliyekuwa anaacha kazi. Mei 1987 zikaja pesa mpya. Serikali ilikata sifuri mbili, kisha ikachukua thelathini katika kila mia. Shilingi zangu 300,000 zikawa 3,000, na mkononi nikapewa 2,100. Bei tuliyopatana ilikuwa zile 3,000 kamili. Nililia njia nzima hadi kwake. Mzee akazihesabu, akazihesabu tena, akasema, "Beba. Nyingine utaleta ukishona." Hakuandika deni popote. Nilimaliza kulipa mwaka uliofuata, na hakunikumbusha hata siku moja.

Wewe ulikuwa na miaka minne. Ulilala chini ya meza juu ya vipande vya vitambaa, mguu wako ukigusa kanyagio, nami nikishona polepole nisikuamshe. Mwaka 1997 karo ya shule za msingi ilipofutwa kwa watoto wanne wa kila nyumba, sare zilibaki juu ya wazazi. Mwanangu, nilishona! Watu walinikuta asubuhi bado taa ya chemni inawaka. Ada yako ya sekondari ilitoka kwenye kaptula na magauni yale.

Ndipo nilipouona wema wa Mungu, kwenye mfuniko wa sufuria na kwenye deni lisiloandikwa. Wakati yanatokea sikuona kitu, nilikuwa nawaza kesho mtakula nini. Kwa hiyo sikuambii ushukuru leo. Kama leo ni siku ya kulia, lia, na unipigie simu hata usiku.

Yule mama wa Kinubi anaishi Bombo sasa, kwa wanawe. Nimesikia macho yake hayaoni vizuri. Nauli ninayo, nataka kwenda kumwona mwezi ujao, nimpelekee leso mpya niliyoipinda mwenyewe. Nitashukia kwako Kampala, twende wote. Nataka akushike mkono, umwambie wewe ni mtoto wa nani.

Mama yako,
Tororo