Shira ya koni za msonobari: zichume zikiwa mbichi

Dada, umeandika kwamba shira yako ya koni imekataa; pole. Koni (vitunda vyenye magamba vya msonobari) ulizookota chini ya misonobari huko Italia zilishakauka; hata mimi nilianza hivyohivyo. Chuma mtini, Mei au Juni, zikiwa kijani na laini kiasi cha kukatika kwa kisu. Vidole vikinata utomvu, paka mafuta ya kupikia kabla ya sabuni.

Panga kwenye chupa ya kioo: koni, sukari ya kahawia, koni, sukari. Anika juani mwezi mzima, ukilegeza kifuniko mara kwa mara gesi itoke. Kisha chuja, uchemshe polepole.

Ila uujue mti kwa hakika! Taxus, mti unaoweza kudhaniwa msonobari ila wenye majani bapa na vitunda vyekundu, ni sumu inayoua. Ukiwa mjamzito au una pumu, muulize daktari kwanza.