Jibu: Kikundi cha mtaani na mjane aliyejifungia ndani
Dada, umeuliza kama kikundi chenu cha akina mama hapo Mbagala kinaweza kumsaidia mjane aliyejifungia ndani, au kazi yake ni kuchangishana fedha tu. Kinaweza, tena sana. Mjini Harare, kazi iliyoanzishwa mwaka 2006 na daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda huwafundisha akina bibi kuketi na mwenye huzuni kwenye benchi nje ya zahanati, kumsikiliza kwa subira na kumsaidia kuchagua tatizo moja la kuanza nalo; utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa dalili za sonona (ugonjwa wa huzuni kali isiyoisha) zilipungua. Naomba mama mmoja ambaye mjane huyo anamwamini amtembelee mara kwa mara, na suala la michango lisubiri.