Kumwandaa Msichana kwa Mita 50 za Mtindo Huru Katika Mashindano ya Kimataifa

Kila inapotangazwa timu ya kuogelea itakayosafiri, wazazi hapa Kampala hunijia na swali lile lile: binti aongeze mazoezi gani ya mikono katika wiki zilizobaki? Nimefundisha wasichana kuogelea kwa muda mrefu, nimewasindikiza katika mashindano ya Kanda ya 3 ya Afrika na mengine ya mbali zaidi, na jibu langu halibadiliki. Mikono yake mwacheni nayo, mfundisheni kuruka. Muda ambao msichana wetu anaupoteza katika mita 50, kwa sehemu kubwa, huwa umekwisha kupotea kabla hajafika alama ya mita 15, na hakuna mkono wenye nguvu kiasi cha kuurudisha wote katika umbali uliobaki.

Mbio hizi ni fupi mno kumpa mtu nafasi ya kujisahihisha. Katika Olimpiki ya Beijing mwaka 2008, Britta Steffen wa Ujerumani alishinda dhahabu kwa sekunde 24.06, na Dara Torres wa Marekani, aliyekuwa na umri wa miaka 41, akapata fedha kwa 24.07. Katika Olimpiki ya Rio mwaka 2016 washindi watatu wa medali walitengana kwa sehemu nne tu za mia za sekunde: Pernille Blume 24.07, Simone Manuel 24.09, Aliaksandra Herasimenia 24.11. Rekodi ya dunia, sekunde 23.61, iliwekwa na Sarah Sjöström wa Sweden huko Fukuoka mwaka 2023. Siwataji hawa ili binti yako ajilinganishe nao. Nawataja kwa sababu wanaonyesha kwamba hata kwa walio bora kabisa, mguu uliochelewa kidogo kuondoka jukwaani hugharimu medali, na kwa msichana wetu unaweza kugharimu rekodi ya taifa au muda wake bora.

Tuanze basi na jukwaa la kuanzia. Katika mashindano makubwa, jukwaa huwa na kibao cha nyuma kilichoinama ambacho muogeleaji hukanyagia mguu mmoja ili ajisukume. Mabwawa mengi ya shule na ya hoteli tunayoyatumia Uganda hayana kibao hicho, na mengine hayana jukwaa lolote. Msichana aliyezoea kuruka kutoka ukingoni, vidole vya miguu yote miwili vikiwa mbele, hukutana na kibao kile kwa mara ya kwanza siku ya mashindano, akiwa ugenini na moyo unamwenda mbio. Ukipata nafasi ya kumpeleka kwenye bwawa lenye jukwaa la kisasa, hata kwa asubuhi moja kila wiki, itumie yote kwa kuruka, na kazi ya kumaliza umbali iachie bwawa lenu la kawaida. Achague mguu wa nyuma mapema na asiubadilishe tena.

Hapa lazima niseme jambo la usalama, na naomba makocha wenzangu walishike. Kanuni za kimataifa zinataka maji yenye kina kisichopungua mita 1.35, kuanzia mita 1 hadi angalau mita 6 kutoka ukutani, mahali palipo na jukwaa. Pima mwenyewe. Bwawa la hoteli linalomfikia mtoto kifuani halifai kufundishia kuruka kwa kichwa, hata kama mwenye hoteli ameruhusu na hata kama kocha wa jana aliruhusu. Shingo ya mtoto ikivunjika haina muda bora wa kuutafuta tena.

Sehemu ya pili ya mwanzo ni masikio. Mwamuzi hupiga filimbi fupi fupi, kisha filimbi moja ndefu ya kuwapandisha jukwaani, halafu mwanzishaji wa mbio hutoa amri ya kujiweka tayari, kwa Kiingereza. Baada ya hapo husubiri hadi wote watulie kabisa ndipo mlio utoke. Anayeondoka kabla ya mlio anaondolewa katika mbio hizo, hapewi nafasi nyingine. Nimeona makocha wakiwazoesha watoto kwa kupiga makofi kwa mwendo ule ule kila siku, na mtoto anajifunza kuhesabu badala ya kusikiliza. Badilisha urefu wa kimya. Mara nyingine kifanye kirefu hadi mapaja yamtetemeke, mara nyingine kifupi, na siku moja moja usitoe mlio kabisa, uwaambie wasimame wima kisha muanze upya.

Akishaingia majini, mwili uwe umenyooka, kiganja kimoja juu ya kingine, mikono ikiyabana masikio, na miguu yote miwili ipige kwa pamoja hadi mwendo ule wa mruko uanze kupungua. Kanuni zinamruhusu kubaki chini ya maji hadi mita 15, lakini ruhusa si amri: msichana ambaye mateke yake ya chini ya maji bado ni dhaifu aibuke mapema. Utajuaje? Simama ubavuni mwa bwawa, sawa na alama ya mita 15 iliyo kwenye kamba ya njia, umrekodi kwa simu tangu mlio hadi kichwa chake kipite alama ile. Wanawake walio bora duniani hufika hapo kwa muda unaokaribia sekunde 6. Andika muda wa binti yako kila juma. Mwezi mmoja wa namba hizo utakufundisha kuliko maoni ya watu wanaotazama kutoka kivulini.

Kisha kuna suala la urefu wa bwawa. Wengi wetu tunafanya mazoezi kwenye mita 25, ambako katikati ya mbio kuna ukuta, na ukuta humpa muogeleaji msukumo mpya. Katika bwawa la mita 50 ukuta huo haupo, kwa hiyo muda utakuwa mrefu zaidi, na mzazi asidhani mtoto ameshuka kiwango. Mita 15 za mwisho ndizo zinazouma. Pale Munyonyo kuna bwawa la urefu kamili. Siku ukipata ruhusa ya kulitumia, mwogeleshe mbio nzima kwa kasi ya mashindano mara chache, akipumzika vya kutosha katikati, na mkubaliane atavuta pumzi wapi. Kwa wasichana wengi ninaowafundisha, mara mbili zinatosha, na isiwepo hata moja baada ya kupita chini ya bendera zilizotundikwa mita 5 kutoka ukutani. Kichwa kikiinuka pale, mkono huchelewa kugusa.

Kuhusu vifaa, nitasema kidogo. Miwani ivaliwe kati ya kofia mbili, ili mkanda wake usiteleze wakati wa kuruka. Wasichana wa shule zinazotaka nywele fupi hawana shida ya kofia. Walio na rasta au nywele nyingi wajue kwamba kofia kubwa za Soul Cap, zilizokataliwa kabla ya Olimpiki ya Tokyo, ziliidhinishwa na shirikisho la kimataifa mwaka 2022. Vazi jipya lijaribiwe nyumbani, kwa sababu vazi la mbio hubana na huweza kuchukua dakika nyingi kuvaliwa. Na mama, au kocha wa kike, azungumze na binti kuhusu siku zake za mwezi mapema, amwandalie anachohitaji na ajaribu kukitumia mazoezini. Jambo hili likiachwa hadi chumba cha kubadilishia nguo, mtoto hulibeba peke yake hadi jukwaani.

Msichana mmoja, tulipokuwa tukisoma orodha iliyobandikwa ukutani, aliweka kidole kwenye jina lake na sauti ikamshuka: «Kocha, wameniweka njia ya 8.» Alidhani ni dharau. Nilimweleza kwamba njia hupangwa kwa muda uliowasilishwa katika usajili, mwenye kasi zaidi wa kundi akipewa njia ya 4, kisha ya 5, ya 3, na kuendelea hadi pembeni, na makundi ya wenye muda mrefu huogelea kwanza. Maji ya njia ya 8 yana urefu ule ule. Mweleze binti yako mpango huu kabla hajasafiri.

Mweleze pia kuhusu nafasi ambazo nchi zisizo na waogeleaji waliofikia viwango hupewa ili ziwakilishwe katika Olimpiki. Kuna watu husema nafasi hizo ni za bure, nami sikubaliani nao hata kidogo. Huko Sydney mwaka 2000, Paula Barila Bolopa wa Guinea ya Ikweta alimaliza mita hizi 50 kwa dakika 1 na sekunde 3.97, na baada ya hapo hakuna aliyeweza kusema kwamba mwanamke wa nchi yake hajawahi kushindana. Kirabo Namutebi alikuwa na miaka 16 tu alipobeba bendera ya Uganda pamoja na bondia Shadiri Bwogi huko Tokyo, kisha akaogelea mita 50 za mtindo huru. Paris mwaka 2024 Gloria Muzito akatuwakilisha katika mita 100. Wadogo zao wanaotetemeka saa kumi na mbili asubuhi katika mabwawa yetu ya wazi wanajua majina hayo.

Mbio zikiisha, mwache aogelee polepole kwanza hadi pumzi itulie, kisha muulize alihisije mwanzo, kabla ya kumtajia nafasi aliyoshika. Chukua nakala ya matokeo rasmi siku hiyo hiyo, hakikisha jina na tarehe ya kuzaliwa vimeandikwa sawasawa, na uipeleke kwa klabu mara mnaporudi, kwa maana muda ule ndio utakaowasilishwa katika usajili wa mashindano yanayofuata.