Usiandike marekebisho kabla ya kujua kama matini bado iko wazi

Simamisha kwanza hiyo kazi. Umesema chama chenu kimealikwa kutoa maoni kuhusu mkataba wa biashara ambao mazungumzo yake yamekamilika, nawe unauliza namna ya kupanga mapendekezo kifungu kwa kifungu, muda mnaostahili kupewa, na kama mnahitaji wakili. Swali la msingi umeliruka: je, matini hiyo bado inaweza kubadilishwa?

Sisi tuliliruka pia, kwa sababu mshauri tuliyemlipa, bingwa wa kufunga tai, alituhakikishia kwamba serikali ikiomba maoni maana yake kila kifungu bado kinajadiliwa. Tulitengeneza jedwali la safu mbili, maneno ya mkataba kushoto na tuliyoyataka kulia, tukafuta "angalau" huku na kupachika "isipokuwa" kule, hasa katika vifungu vya asili ya bidhaa, yaani vinavyoamua bidhaa ihesabiwe kuwa ya nchi gani. Ofisa aliyetupokea aliisoma safu ya kulia kwa subira, kisha akatueleza kwamba kubadili hata mkato mmoja kungezilazimu nchi zote kurudi mezani, na kwamba wizara ilikuwa inauliza mambo mawili tu: mkataba uridhiwe au usiridhiwe, na sheria zipi za ndani zirekebishwe. Kuhusu hayo mawili hatukuwa na aya hata moja. Jedwali lenyewe, nakiri, lilikuwa na mistari iliyonyooka vizuri sana. Mshauri alikwisha kulipwa, na tangu siku hiyo simu yake haina mtandao.

Mambo haya hutokea hata kwa wakubwa. Matini ya TPP, mkataba wa biashara wa nchi 12 za ukanda wa Pasifiki, ilitangazwa rasmi Novemba 2015, baada ya mazungumzo kwisha, kwa hiyo wananchi wa New Zealand na Kanada waliotoa maoni mbele ya kamati za bunge mwaka 2016 walikuwa wakizungumzia maandishi yaliyokwisha kutiwa saini. Bunge la Ulaya nalo, lilipoukataa mkataba wa ACTA, wa kupambana na bidhaa bandia, Julai 2012 kwa kura 478 dhidi ya 39, liliukataa wote, kwani halikuwa na uwezo wa kuurekebisha. Linganisha na mwaka 2014, Kamisheni ya Ulaya ilipouliza umma kuhusu ulinzi wa wawekezaji katika mazungumzo ya biashara na Marekani yakiwa bado yanaendelea: yalikuja majibu yapatayo 150,000, na mwaka uliofuata ikapendekeza mahakama ya uwekezaji badala ya usuluhishi wa zamani wa migogoro kati ya wawekezaji na serikali.

Kwa hiyo iandikieni wizara leo, mkiuliza matini imefungwa au la, na ni uamuzi gani hasa utakaotumia maoni yenu. Ikiwa imefungwa, andikeni kuhusu kuridhia, sheria za utekelezaji, ratiba ya kupunguza ushuru na nani atasimamia. Jibu litakalotolewa kwa mdomo msilipokee. Dai barua yenye muhuri.