Daftari langu la Bunge la 12: namna ya kumfuatilia mbunge wako ukiwa Mombasa

Januari 2018 nilinunua daftari la kurasa mia mbili pale Mwembe Tayari, na nililinunua kwa hasira. Siku tatu nilikuwa nimezunguka na fomu ya basari ya mpwa wangu aliyekuwa anaingia kidato cha kwanza. Kwa diwani (wazee wetu bado wamwita hivyo mwakilishi wadi) nikaambiwa hili ni la mbunge. Kwa mbunge nikaambiwa muda wa kupokea fomu umekwisha, labda nijaribu kwa Mwakilishi wa Kike, yaani mbunge mwanamke wa kaunti nzima. Nikavuka feri ya jioni kurudi Likoni, nikafikia moja kwa moja kwa mzee wetu wa kahawa nimwage sumu yangu.

Akanisikiliza hadi mwisho, akanimiminia kikombe. "Wewe kila siku wamtukana mheshimiwa. Haya, nitajie kazi yake."

Nilitaja basari. Akacheka hadi buli likatikisika.

Basi ukurasa wa kwanza wa daftari niliandika majina manane, maana ndio wawakilishi wa Bungeni tuliokuwa nao Mombasa kwa kipindi kile cha 2017 hadi 2022. Sita wa maeneobunge: Omar Mwinyi wa Changamwe, Badi Twalib wa Jomvu, Ali Mbogo wa Kisauni, Mohamed Ali wa Nyali, Mishi Mboko wa Likoni na Abdulswamad Nassir wa Mvita. Wa saba Asha Hussein, Mwakilishi wa Kike. Wa nane Seneta Mohamed Faki. Ukitaka kuanza daftari lako, anza hapo hapo, kwa majina. Utashangaa ni watu wangapi barazani wasioweza kukutajia seneta wao bila kukuna kichwa.

Kisha kaandike nani ashika nini. Pesa za NG-CDF, ule mfuko wa maendeleo unaotoa basari, zilizonikimbiza siku tatu, ni za eneobunge. Mwakilishi wa Kike ana mfuko wake mwingine, NGAAF, unaolenga vikundi vya akina mama, vijana na walemavu. Maji ya mfereji, taka na zahanati ni mambo ya kaunti, kwa hivyo ukimkaba mbunge kwa ajili ya bomba lililopasuka unampa nafasi ya kukupiga chenga. Mishi Mboko alikuwa Mwakilishi wa Kike kipindi kilichotangulia, na shangazi yangu alichukua mwaka mzima kuzoea kwamba sasa ni mbunge wa Likoni na ule mfuko wa akina mama umehamia kwa mwengine.

Kosa langu kubwa nililifanya mwaka wa kwanza. Nilikuwa nikisoma Hansadi, yaani kumbukumbu rasmi za mijadala, bure kwenye tovuti ya Bunge, na kuhesabu nani kasimama mara ngapi. Aliyesema sana nilimpa alama, aliyenyamaza nilimchapa. Ni upuuzi. Bunge la Taifa lina wabunge 349 ukimtoa Spika: 290 wa maeneobunge, 47 Wawakilishi wa Kike na 12 wa kuteuliwa. Hebu piga hesabu ya dakika. Wengi hupata nafasi ya kusema maneno mawili ya kuunga mkono na kuketi. Tena idadi inayotakiwa ili kikao kiendelee ni wabunge 50 tu. Ukiona viti vitupu kwenye runinga usidhani mitambo imeharibika.

Kazi yenyewe iko kwenye kamati. Kipindi kile mawaziri hawakuwa wakija ukumbini kujibu maswali, walijibu mbele ya kamati, kwa hivyo aliyetazama ukumbi peke yake alikosa nusu ya mchezo. Mfano ulio karibu nasi: Nassir wa Mvita aliongoza Kamati ya Uwekezaji wa Umma, ile inayopitia ripoti za mkaguzi mkuu kuhusu mashirika ya serikali. Bandari yetu husimamiwa na shirika la serikali. Mtu wa Mombasa aliyeacha kusoma ripoti za kamati hiyo akakimbilia klipu za kelele, alikula maganda akatupa embe. Kwa hivyo mbele ya kila jina andika kamati yake, kisha ufuate kamati.

Jambo la pili lililonivunja moyo ni kura. Septemba 2018 Bunge la Taifa lilipokuwa likiamua kodi ya mafuta, nilikaa na kalamu mkononi. Rais alitaka asilimia 8, na kumpinga kungehitaji thuluthi mbili, yaani kura 233. Sauti za ndiyo na la zikapanda, ukumbi ukawa vurugu tupu, na asilimia 8 ikapita. Kesho yake nikatafuta orodha: nani wetu alisema ndiyo, nani la? Haikuwapo. Kura ya sauti haiachi majina. Ukurasa ule wa daftari langu hadi leo una mistari saba mitupu (seneta hapigi kura huko), na matatu wakapandisha nauli bila kungoja daftari la mtu.

Ndiyo maana nakuambia uwe mwepesi siku ya kura ya kuhesabiwa, maana hiyo huwa na majina. Mswada wa BBI, ule wa kubadilisha katiba, Mei 2021 ulipita Bunge la Taifa, kwa kura 235 dhidi ya 83 uliposomwa mara ya pili, Seneti, jumba la pili la Bunge, ikaupitisha siku chache baadaye kwa 51 dhidi ya 12, na Mahakama Kuu ikauangusha tarehe 13 mwezi huo huo. Usichoke na kipande hicho cha mwisho. Oktoba 2020 mahakama ilibatilisha sheria 23 zilizopitishwa bila Seneti kushirikishwa. Ukiambiwa "sheria imepita", uliza imepita wapi.

Na usimdharau seneta. Mwaka huo wa 2020 Seneti ilikwama kwa miezi juu ya namna ya kugawa fedha za kaunti, na Mombasa ilikuwa miongoni mwa kaunti ambazo zingepunguziwa. Nilisikia watu feri nzima wakizozana kuhusu korona, hakuna aliyezitaja hizo fedha.

Sasa, kuwafikia. Vikao vya Bunge la Taifa kwa kawaida ni Jumanne, Jumatano na Alhamisi. Ukitaka kumwona mheshimiwa ana kwa ana, jaribu Ijumaa au Jumatatu, na uende na karatasi moja, si hadithi ya maisha yako. Mei ndio mwezi wa Mswada wa Fedha: tangazo la kuomba maoni hutoka magazetini, nawe waweza kumwandikia Karani wa Bunge, tena kwa Kiswahili. Mbunge mwenyewe akianza kuzungumza kwa Kiswahili ukumbini anatakiwa amalize kwa Kiswahili, na Wallahi wapo wanaotia huruma wakifika katikati.

Ombi rasmi ndilo lililotufunza adabu. Kifungu cha 119 cha katiba kinampa kila mtu haki ya kupeleka ombi Bungeni. Mtaani kwetu vijana walikuwa wakicheleweshewa vitambulisho, wengine wakiulizwa cheti cha babu wa babu, tukaamua kuandika. Tulikusanya sahihi zaidi ya mia moja kwa jioni mbili. Tukampelekea jamaa aelewaye utaratibu, akatazama ukurasa wa kwanza, akaturudishia. Kila atiaye sahihi lazima aandike nambari ya kitambulisho au pasipoti.

Tulitazamana. Waliolalamika kukosa vitambulisho hawakuweza kulalamika kwa kukosa vitambulisho.

Tukaanza upya na sahihi za wazazi wao. Ukiandika lako, kumbuka na haya: taja ofisi mlizokwisha kwenda na mlijibiwa nini, sema kama jambo liko mahakamani au haliko, na mmalizie kwa kusema waziwazi mnataka Bunge lifanye nini. Pasiwe na kufutafuta wala kuandika juu ya maandishi. Asiyejua kuandika ataweka dole gumba. Waweza kulipeleka mwenyewe kwa Karani au kumpa mbunge aliwasilishe.

Agosti 2022 nilinunua daftari la pili, kwa duka lile lile. Mzee wa kahawa aliomba aone ukurasa wa kwanza, akapitisha kidole kwenye majina manane, akafika la seneta akasimama.

"Huyu naye," akauliza, "kamati yake ipi?"

Nilikuwa sijaijaza bado.